Sanduku la Ngano ya Kaleto

Gergina alikuwa mkaguzi wa mashamba wa ushirika wetu kwa miaka ishirini na sita, na sisemi hivi kwa kuwa ni jirani yangu: Dobruja yote, mkoa wetu wa ngano, hungempata mtu aliyeijua ngano ya baridi kama yule mama. Theluji ikiyeyuka tu, utamwona ameshazama topeni, kisu mkononi, anang'oa mmea na kuupasua pale shina linapoungana na mizizi. Ndani kukiwa kweupe, mzima huyo. Kukiwa na rangi ya chai, ameshakwenda. Mashimo ya panya wa shamba aliyahesabu kwa hatua, na ule ukungu wa waridi unaozaliwa chini ya theluji aliunusa kabla hajauona. Madereva walikuwa wakimtania: "Mama Gergina, laiti ungemkagua Radul hivyo!" Naye huwajibu, "Radul keshaoza shinani, siwezi kukiharibu kisu changu bure."

Tulikuwa tukicheka sana. Siku hizi nikiukumbuka utani huo naona uchungu mtupu.

Radul ndiye mumewe, dereva wa trekta la kupandia. Vuli ile alipewa shamba la Kaleto, hekta mia mbili, apande ngano mapema Oktoba udongo ungali mkavu. Lakini siku hizohizo zamu yake ya kupika rakia, pombe yetu kali ya matunda, ikafika kwenye pipa la shaba la kijiji, na kwetu mtu anayeiacha zamu yake ya pipa huonekana ana wazimu. Radul akawaambia wakubwa kwamba mashine imekatika mnyororo. Siku tatu alikaa pale motoni anaonja na kuonjesha wenzake. Siku ya nne mvua ikaanza, na haikukoma kwa wiki tatu. Kaleto ikapandwa Novemba, kwenye matope, na siku ya mwisho mashine hiyohiyo ikamponda Radul mguu. Akawa mtu wa kukaa jikoni na mkongojo wake. Kijiji kizima tulijua habari ya rakia. Tulimficha mwenyekiti wa ushirika tu.

Januari ikaja na baridi ya kuua, barafu tupu juu ya udongo uchi. Katikati ya Februari Gergina alikwenda Kaleto na shoka, akakata pande la udongo ulioganda pamoja na ngano yake, akaliweka kwenye sanduku la mbao na kulipeleka nyumbani. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Sanduku hukaa ghalani kwanza liyeyuke taratibu, kisha huwekwa karibu na jiko. Wiki mbili zikipita, hesabu iliyochipua na iliyokufa, nawe utajua shamba zima likoje kabla majira hayajafunguka.

Mwenyekiti Tsonev alikuja mwenyewe kulitazama. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, hakubali hata kikombe cha chai.

"Ndugu Gergina, nina shayiri ya mbegu stoo. Ushirika wa jirani wanaililia. Kaleto ikiwa imekufa, nitapanda shayiri palepale. Ikiwa hai, nitawapa wenzetu. Nataka jibu tarehe mosi Machi, lenye sahihi yako."

"Utalipata, Ndugu Mwenyekiti. Likiwa baya usinigombeze mimi."

"Likiwa baya nitamtafuta aliyepanda. Kuna neno la watu wa namna hiyo: hujuma."

Radul alikuwa mezani anakula maharage. Kijiko kikabaki hewani.

Basi siku zikaenda. Kila asubuhi Gergina aliinamia sanduku kabla ya kutoka, na kila asubuhi majani yalikuwa yamelala, yamekauka kama nywele za mzee.

"Vipi?" Radul humuuliza.

"Bado."

"Ipe nafasi, bibie. Hata wewe huamki ukiitwa mara moja."

Siku moja kabla ya Machi, Gergina alirudi kutoka mashambani akakuta sanduku limesimama kijani. Alipiga magoti na buti zake za matope. Akahesabu: mimea arobaini, thelathini na minane hai. Moyo ulimruka kama wa msichana. Lakini kila mmea ulikuwa na machipukizi matatu, mengine manne. Ngano iliyopandwa Novemba huwa haijatoa chipukizi; ina jani moja, mawili kwa bahati. Gergina aliliona hilo. Nataka ijulikane kwamba aliliona, maana baadaye watu walisema macho yalikuwa yamemzeeka. Alikuwa na kisu mkononi, angeweza kufukua akatazama mizizi imeshika udongo upi. Akamtazama mumewe.

"Si nilikwambia?" Radul alisema. "Jiko hili lingemfufua hata maiti."

Na Gergina, ambaye hajapata kumwamini mtu kuliko kisu chake, alikirudisha mfukoni. Alitaka liwe kweli, jamani! Kesho yake Radul alimfunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, kama tufanyavyo sote Machi mosi kujitakia afya, naye akaenda ofisini na mkono huo kutia sahihi. Mchana wake malori ya jirani yakabeba shayiri yote.

Njia ya Kaleto ilikuwa ziwa la matope, haikupitika mpaka tarehe kumi na mbili. Aliyepita wa kwanza ni yeye. Ukungu wa waridi ulikuwa umetanda kutoka mwanzo hadi mwisho, majani yamelala kama karatasi iliyolowa. Akapasua shina: chai. Akapasua la pili, la kumi, la mia. Alitembea Kaleto yote akipasua, na hakuona kweupe popote.

Aliporudi hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya banda la kuku, kwenye kitalu cha ngano walichopanda wenyewe mwezi wa tisa ili kuku wapate majani. Safu nzima ilikuwa imeng'olewa. Kando ya mashimo, udongoni, kulikuwa na alama za duara za ncha ya mkongojo.

"Nilitaka ulale usingizi, Gergina," Radul alimwambia jikoni. Alikuwa analia. "Ulikuwa hulali."

"Mimi?" Gergina alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa silali?"

Mkutano ulifanyika Jumapili kwenye ukumbi. Tulikuwa zaidi ya watu mia. Tsonev alisoma karatasi yenye sahihi, kisha akasoma ripoti ya Kaleto ilivyo. Hekta mia mbili bila ngano na bila shayiri. Halafu akaivua miwani.

"Ndugu Gergina, miaka yote hukukosea. Nani mwingine aliligusa sanduku hilo?"

Radul alikuwa mstari wa pili, mkongojo katikati ya magoti, anaikagua kofia yake. Gergina alisimama. Neno moja tu, na mumewe angepelekwa mjini kwa hujuma, na kwa mguu ule asingerudi.

"Hakuna," alisema. "Nilihesabu vibaya."

"Wanaotaka aondolewe ukaguzi, wanyooshe mikono."

Tulinyoosha huku tukitazama sakafu. Wangu pia ulikuwemo, na aibu yake ninayo mpaka leo. Tsonev alingoja. Radul alichelewa kidogo, akapepesa macho huku na huku, kisha akauegemeza mkongojo kwenye goti na kunyoosha mkono wake, juu kabisa, mwenyekiti auone.

Gergina aliuona. Watu walipotoka alimngoja mlangoni, maana ngazi zilikuwa zimelowa na Radul hawezi kuzishuka peke yake. Akampa bega.

"Wangenishuku," Radul alinong'ona. "Kila mtu alikuwa amenyoosha."

"Tazama ngazi," Gergina alisema.