Siku Niliyokagua Baiskeli ya Marehemu

Ilikuwa saa mbili na dakika saba asubuhi nilipoegesha baiskeli yangu mahali pasipo pangu, na mpaka leo ninaposimulia jambo hili masikio yananiwaka moto, kwa sababu mimi ni mtu anayejulikana mtaani kwetu Itetemia, Tabora, kwa kupima kila kitu mara mbili. Ni fundi wa redio na sola, nina miaka hamsini na moja, darasani niliishia la saba na mengine yote nimejisomea mwenyewe. Nikasema nianze kwa kuikiri aibu hiyo, isije ikasimuliwa na Mwalimu Kapaya, maana yeye huongeza chumvi (ingawa kwa siku ile hakuna chumvi ya kuongeza).

Mwalimu Kapaya ni jirani yangu, mstaafu, na ndiye mwenzangu katika safari ile ya baiskeli ya kilomita mia moja na ishirini, kutoka Tabora mjini kufuata upande wa njia ya zamani ya misafara, kupita Igalula, kisha kugeuza na kurudi. Sheria ya safari hiyo ni kwamba mnaandikishwa wawili wawili, na wote wawili lazima mgongewe muhuri katika kila kituo kabla hakijafungwa. Mmoja akikosa, wote mmekosa. Kapaya alikuwa amejaribu miaka miwili na kushindwa, na daktari alikwisha kumwambia kwamba magoti yake hayana mwaka mwingine wa mchezo huo. Alikuwa na safari hiyo moja tu iliyobaki, na aliiweka mikononi mwangu kwa sababu, alisema, "Fundi, wewe hukosei."

Sasa kosa lenyewe. Siku moja kabla ya safari nilitoa matairi mapana nikafunga membamba ili tuende kasi. Kile kidude cha kuhesabia kilomita, kilichoko kwenye usukani, huhesabu mizunguko ya gurudumu, kwa hiyo ukibadilisha tairi lazima ukiambie ukubwa mpya, la sivyo kitakudanganya. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa hata nimemweleza Kapaya, kwa mchoro. Sikuyafanya.

Tuliondoka saa kumi na mbili na robo. Kwenye kilomita ya thelathini tairi langu jembamba likatoboka, nikamwambia Kapaya atangulie magoti yasipoe, tukutane kituo cha pili, ambacho kingefungwa saa tatu kamili. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa sababu ina uzito wa gramu mia moja na tisini. Nilichokuwa nacho ni karatasi niliyoibandika kwenye usukani kwa gundi ya nailoni, na humo niliandika maelezo tuliyopewa na waandaaji: kilomita 41, kushoto, turubai la bluu, meza, maji.

Kidude kilipoonyesha arobaini na moja nikatazama kushoto. Turubai la bluu. Meza. Mapipa mawili ya maji. Watu kama sitini wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nikajisemea kwamba safari hii waandaaji wamejitahidi.

Niliingia nikiburura mguu kwa sababu viatu vyangu vina chuma chini cha kunasa pedali na nikitembea navyo natembea kama bata. Nimevaa fulana ya njano, kaptula nyeusi ya kubana, kofia ngumu, miwani ya jua, filimbi shingoni na namba 64 mgongoni.

"Shikamooni wazee. Poleni na kazi."

"Marahaba. Tumeshapoa," wakajibu, taratibu, wakinitazama kuanzia juu hadi chini.

Mezani alikaa mwanamume mmoja mnene mwenye daftari, nikaja kusikia baadaye anaitwa Shija. Akaniuliza jina, nikamwambia Ndahani. Akaandika. Kisha akauliza, "Kiasi gani?"

"Arobaini na moja," nikamwambia.

"Elfu?"

"Kilomita."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo. Mimi nikaona huyu karani hakufundishwa kazi yake, nikamwambia kwa upole kwamba naomba maji, naomba ndizi mbili, na naomba muhuri haraka kwa sababu mwenzangu yuko mbele ananisubiri.

Hapo bibi mmoja aliyekaa mkekani akapiga kofi pajani. "Mwenzie yuko mbele anamsubiri! Jamani, huyu katoka wapi?"

Shija akainua kalamu. "Hebu tuambie, ndugu. Wewe kabila gani?"

Nililiona swali la ajabu, lakini fomu za siku hizi huuliza mambo mengi, na mimi sina desturi ya kuficha taarifa. Nimeishi Tabora miaka ishirini na mbili ila nilizaliwa upande wa Manyoni. Nikajibu, "Mgogo."

Sijui niwaelezeeje kelele zile. Vigelegele vilitoka nyuma ya nyumba, wanawake wakaja mbio na miiko mikononi, watu wakasimama kwenye viti. "Wagogo wamefika! Hajakaa ameshaomba maji, ndizi na muhuri!" Vijana wawili wakaichukua baiskeli yangu wakaipeleka ndani, wakasema inawekwa rehani. Nikafikiri labda ni utaratibu wa kuzuia watu kuondoka kabla ya kupumzika dakika zinazotakiwa, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma kuhusu mashindano ya nchi nyingine, nikatoa kitabu changu kidogo mfukoni nikaandika: *2:19, baiskeli imechukuliwa.*

"Anaandika!" bibi wa mkekani akapiga kelele. "Anaandika madeni yetu!"

Msinishangae. Niliona kwamba wanawake wamejifunga kanga kiunoni, nikasema ni wapishi wa kujitolea. Niliona sufuria za wali na maharage, nikasema wadhamini wameongezeka. Niliona mama mmoja mzee amekaa mlangoni chini, miguu ameinyoosha, kichwa amekifunika, hazungumzi na mtu, nikasema anaumwa na jua. Kila kitu nilikitafutia sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri, na yote kwa pamoja yalikuwa upuuzi.

Nikaomba tena muhuri. Shija akasimama, akanishika mkono kwa heshima, akasema, "Mtani, muhuri utapata. Lakini kwanza kuna baiskeli hapa uitazame."

Neno hilo la mtani nililisikia. Watu wa huku huniita hivyo hata sokoni, kwa hiyo halikunishtua. Nilichosikia ni baiskeli. Nikaelewa: ukaguzi wa vyombo! Hatimaye kitu ninachokijua.

Wakanipeleka ukutani ilipoegeshwa baiskeli moja nyeusi ya zamani, ya fremu nzito, nyuma ina keria pana ya kubebea mizigo na ndoo mbili za asali zimefungwa kwa mpira. Nikashangaa kidogo kwamba nakaguliwa kwa baiskeli isiyo yangu, lakini nikainama kazini. Umati ukanizunguka. Nikaanza kusoma kwa sauti, kama inavyotakiwa ili karani aandike.

"Breki ya mbele, hakuna. Breki ya nyuma, hakuna. Mnyororo mkavu, umelegea kama kamba ya nguo. Ringi imepinda. Kengele ipo, hailii."

Watu walikuwa wamekunja matumbo. Mimi nikaona wanadharau usalama barabarani, nikakasirika, nikasimama wima.

"Mnacheka nini? Mwenye baiskeli hii hakuwa anajali maisha yake! Ni nani? Aitwe hapa! Na kwa hali hii asiruhusiwe kuendelea na safari!"

Halafu yule mama mzee wa mlangoni akainua kichwa. Akafunua kanga usoni. Akaanza kucheka, kwanza bila sauti, mabega tu, kisha kwa sauti, kisha akicheka na kulia pamoja, na wenzake wakamshika huku na huku.

"Mgogo wewe," akasema, akijifuta machozi. "Hizo breki nimemwambia miaka thelathini. Nimemwambia, Maganga, tengeneza breki. Ananijibu asali haina haraka."

"Mama, huyo Maganga umfikishie kwamba nimesema mimi," nikamwambia.

Nawaambia wazee walilala chini kwa kicheko.

"Iendeshe," akasema yule mama. "Iendeshe kidogo nimwone."

Nikatazama saa: mbili na dakika arobaini na moja. Nikafikiri, hili ni jaribio la mwisho, nikimaliza nagongewa. Nikapanda. Kiti kilikuwa chini mno kwangu, magoti yakaja karibu na masikio, ndoo za asali zikayumba, nikaanza kuzunguka nyumba huku wanawake wakinikimbilia na vigelegele na bibi wa mkekani akiimba kitu kwa Kinyamwezi ambamo jina Maganga lilirudi kila mara. Mzunguko wa kwanza nilikwenda vizuri. Mzunguko wa pili, kwenye kona ya jikoni, mnyororo ukatoka, nikakanyaga hewa, nikatafuta breki (ambazo dakika kumi zilizopita nilikuwa nimetangaza mbele ya watu wote kwamba hazipo), nikaingia moja kwa moja kwenye beseni kubwa la kuoshea vyombo. Nikakaa ndani yake. Nilipojaribu kuinuka nikasikia sauti ndefu ya kitambaa, na upepo baridi ukanifikia mahali ambapo haujawahi kunifikia hadharani.

Kaptula ilikuwa imepasuka kutoka mshono hadi mshono.

Bibi wa mkekani akavua kanga yake ya begani akanifunga kiunoni, fundo kubwa kwa nyuma, na nilikuwa nimesimama hivyo, na povu la sabuni kwenye miwani, niliposikia sauti ninayoifahamu.

"Fundi! Unafanya nini kwenye msiba wa watu?"

Mwalimu Kapaya alikuwa barabarani, mguu mmoja chini, kofia yake ameivua. Alikuwa amesubiri kituoni karibu saa nzima, halafu akarudi kunitafuta. Kituo chenyewe kilikuwa mbele kidogo tu, kilomita moja na kitu, nyuma ya kona. "Mimi nilipita hapa," alisema, "nikavua kofia nikasema poleni, nikaendelea. Kila mtu alipita hivyo!"

Ndipo nikageuka nikaona. Mlango ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na jeneza, na juu yake kitambaa cheupe. Mwenye baiskeli nyeusi alikuwa humo. Mimi niliyewahi kusoma usiku kucha jinsi utani wa makabila yetu, Wagogo na Wanyamwezi, ulivyokuzwa na wapagazi wa misafara waliopita Ugogo, na jinsi mtani anavyoingia msibani kumwigiza marehemu na kuwachokoza wafiwa hadi wacheke, nilikuwa nimeufanya wote bila kujua, na sasa kwa kuwa nilijua, sikuweza hata kusema neno moja la kuchekesha.

"Nisameheni," nikasema. "Mimi nilidhani ni kituo."

Wakacheka tena. Walidhani naendelea.

Saa ilikuwa mbili na dakika hamsini na moja. Mtu akipanda baiskeli pale, dakika nne anafika. Kapaya alijua na mimi nilijua. Nikamwomba Shija baiskeli yangu, wakaileta, nikaishika usukani. Hapo dada wa yule mama wa mlangoni, ambaye sasa nilielewa ndiye mjane, akaja na sahani ya wali, akazungumza na Kapaya pembeni kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Tangu juzi hajaweka kitu mdomoni. Sasa amesema atakula, lakini ale na mtani. Mzee wangu, mtani akiondoka sasa hivi, huyu tutamlisha na nani?"

Mjane alikuwa ananitazama. Alikuwa amesogea mkekani akaacha nafasi.

Mimi sikuamua kitu, nawaambieni kweli. Nilikuwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika fundo la kanga, na kichwani hakuna hesabu hata moja iliyokubali kukaa. Aliyeamua ni Kapaya. Alitazama saa yake, akaitazama barabara kwa muda, akalaza baiskeli yake majanini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kaa, fundi," akasema. "Kula na mama."

"Mwalimu, saa tatu..."

"Nimesema kaa."

Nikakaa. Mjane alimega tonge la kwanza akanilisha mimi, la pili akala yeye. Alikula nusu sahani. Katikati akaniuliza, "Hivi kweli ringi imepinda?" Nikamwambia imepinda, mama, lakini inanyooshwa. Akasema baiskeli wamwachie mjukuu, na mimi nije kuinyoosha ringi, nikasema nitakuja. Kapaya alikaa na wazee, akatoa rambirambi yake, akaandikwa kwenye daftari kwa heshima, chini ya jina langu ambalo mbele yake Shija alikuwa ameandika: *kilomita 41.*

Tulifika kituoni saa tatu na dakika thelathini na nne. Meza ilikuwa imekunjwa, maganda ya ndizi yamebaki chini. Tukapakiwa kwenye lori la waliokwama, mimi na kanga yangu, na mwanamke mmoja aliyevunjikiwa pedali akaniuliza kama hiyo ndiyo sare ya timu yetu. Tulipoanza kuiona Tabora Kapaya akasema tu, "Magoti yangekataa kule mbele hata hivyo," na sote wawili tulijua kwamba siku ile magoti yalikuwa mazima.

Tangu hapo nimeapa mambo mawili. Sibadilishi tairi bila kukiambia kidude, na siketi chini ya turubai lolote, la rangi yoyote, kabla ya kuuliza ni la nani na wamekusanyika kwa ajili gani. Nauliza hata kwenye harusi nilizoalikwa.

Ndani ya lori niligundua kwamba wafiwa walikuwa wamenijaza noti na sarafu kwenye mifuko ya mgongoni mwa fulana yangu, malipo ya mtani. Nilihesabu mara mbili: elfu tisa na mia mbili. Nikampa Kapaya nusu, akausukuma mkono wangu. Yeye ni Mnyamwezi, alisema, msiba ule ni wa kwao, hawezi kula pesa ya utani. Kiingilio kilikuwa elfu ishirini kwa kila mtu na hakirudishwi. Ukitoa zile za msibani, tulipoteza shilingi elfu thelathini na mia nane, na ishirini elfu kati ya hizo zilikuwa za Kapaya, ambaye kila nikimpelekea huzikataa.