Barua ya Intavyu Katika Kikundi cha Maombi

Nakumbuka Jumapili moja hapa Voi, nikiwa kijana wa kunyoa ndevu mara moja kwa wiki, niliposimama kanisani mbele ya watu wote nikaomba niombewe. Niliombewa sana. Laiti ningekaa kimya.

Mwanangu Mwakio, keti. Hiyo simu iweke hapo mezani, na daftari lako lifunge. Tangu asubuhi nakusikia humo chumbani ukikariri maneno ya Kiingereza kwa sauti: maana ya hiki ni nini, aina za kile ni ngapi, mdukuzi huanzia wapi. Jumatatu saa tatu asubuhi una intavyu ya kazi ya kulinda kompyuta za watu, nayo ni kazi uliyoisubiri tangu umalize chuo, huku ukitengeneza simu zilizovunjika vioo pale stendi. Najua unavyoitaka. Dada yangu, mama yako, anajua pia, ndiyo maana amefunga tangu juzi. Lakini mimi mjomba wako leo nimekereka, tena nimekereka kwelikweli, na sitakuficha.

Nimekereka kwa sababu nimefungua simu yangu nikaikuta barua yako ya kuitwa intavyu. Wala hukunitumia mimi. Iko kwenye kikundi cha maombi cha kanisa, kikundi cha watu zaidi ya mia, wengine walishahama Voi kitambo na hatujui siku hizi simu zao zinashikwa na nani. Umeipiga picha barua nzima. Jina lako lipo, namba ya kitambulisho ipo, majina ya watu watatu watakaokuhoji yapo, na chini kabisa kuna linki ya kuingilia intavyu mtandaoni pamoja na paswadi yake. Halafu ukaandika, "Wapendwa, nisimamieni kwa maombi." Amina zimemiminika. Mama mmoja wa kule Ndara ameshaibonyeza hiyo linki akidhani ni video ya kwaya, na sasa anauliza mbona haiimbi.

Nilipokuita kukuuliza, ulicheka. Ukaniambia, "Anko, si ni maombi tu?"

Haya. Kwa kuwa ni maombi tu, sikiliza habari za maombi yangu.

Wakati huo wewe hata meno ulikuwa hujaota. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta katika kliniki moja ndogo hapa mjini, siku hizi haipo tena. Tulikuwa na kompyuta nne, na nilikuwa nimezitia habari zote za wagonjwa zilizokuwa zikiliwa na mchwa kwenye makabati. Humo mlikuwa na mambo, mwanangu. Nani ana sukari, nani alipimwa nini na jibu likawa lipi, binti ya nani alikuja na mimba kabla mama yake hajajua. Mkubwa wangu alikuwa Matroni Wawuda, mwanamke wa Rukanga, mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na hakuna aliyenitajia mwingine. Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi saba. Ndipo barua ikaja kutoka Mombasa, naitwa intavyu Alhamisi, kazi ya kulinda kompyuta za kampuni moja kubwa ya mizigo.

Usidhani sikujiandaa. Nilijiandaa kukushinda wewe. Niliomba likizo ya siku nne, tatu nisome na ya nne nisafiri. Niliazima kitabu kinene kama tofali, nikakariri mpaka mke wangu akawa ananisahihisha kutoka jikoni. Suti niliipiga pasi, nikaitazama, nikaipiga tena. Kiungo kimoja tu cha mwili wangu sikukiandaa, nacho ni hiki kinachokaa nyuma ya meno.

Unajua kanisani kwetu mambo yalivyo. Ukifika wakati wa kutoa mahitaji, mtu husimama, husalimu, husema haja yake, na lazima aifafanue. Ukisema tu, "Niombeeni, nina safari," watu hawashibi. Watakungoja mlangoni wakuulize safari ya wapi, kwa nani, na umebeba nini. Sisi Wadawida wa Taita hatuna salamu fupi. Mtu akikuuliza umeamkaje anataka habari za mgonjwa, za mbuzi na za mahindi yaliyoliwa na ndovu, na ukimjibu kwa neno moja utaambiwa unaringa. Ni desturi nzuri, ndiyo iliyotulea, wala siidharau. Ila ina mahali pake.

Basi nikasimama. Nikasema nimeitwa Mombasa, naomba maombi. Ningeketi hapo, ningekuwa nimesema ya kutosha. Lakini niliwaona wazee wamenigeukia, na wasichana wa kwaya nao wamenigeukia, kichwa kikavimba. Nikaeleza kwamba kazi hiyo haifanywi na mtu yeyote tu, inataka mtu mwenye macho. Na ili waamini kwamba macho ninayo, nikawapa mfano. Nikasema pale kliniki kompyuta zote nne zinafunguliwa kwa paswadi moja, nayo ni kasigau, jina la mlima wa kwao Matroni, ambayo hata mtoto wa chekechea angeibahatisha. Watu wakacheka sana. Nikaketi nimejaa raha, na mchungaji akaniombea kwa kirefu.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nusu ya waliokuwa wakicheka walikuwa wagonjwa wetu, na walikuwa wakicheka kwa sababu hawakujua ni habari zao nilizozitoa mlangoni. Na mimi niliyejua ndiye niliyecheka zaidi. Mpaka leo nikikumbuka najiona mjinga.

Basi maombi yale hayakubaki kanisani. Kulikuwa na mama mmoja, Mama Mshai, aliyenipenda tangu utoto. Aliporudi nyumbani akampigia dada yake aliye Wundanyi, kwa sababu alisikia kwamba mmoja wa wakubwa wa kampuni ile ni binti wa huko huko. Unajua tulivyo. Mtoto wetu akiitwa mahali, kwanza tunauliza ni nani wa nyumbani yuko pale, tumwambie amshike mkono. Yule dada naye akapiga simu, na ili kijana asifiwe ipasavyo, hadithi ya kasigau ikaenda nayo, nzima nzima. Simlaumu mama yule na sitamlaumu. Yeye alibeba nilichompa.

Alhamisi nikafika Mombasa. Wahoji walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja wa makamo aliyeitwa Bi Mghoi. Wale wanaume waliuliza, nikajibu. Waliuliza magumu, nikajibu pia, mpaka mmoja akatabasamu akaandika kitu. Bi Mghoi hakuuliza lolote. Nilipodhani tumemaliza na moyo wangu umeshaanza kutafuta nyumba ya kupanga Mombasa, akalifunga faili lake na kunitazama.

"Tangu Jumapili nimeletewa paswadi ya kliniki yenu na watu wawili," akasema, "na sikumwomba hata mmoja. Wote walikuwa wakikusifu."

Mwanangu, hayo hayakuwemo katika kitabu kile kinene. Nikatafuta la kusema, nikapata hili, na ninaona haya kulirudia. Nikamwambia nilikuwa naombewa.

"Wewe uliombewa," akasema. "Wale wagonjwa waliombewa na nani?"

Akaniuliza kama tangu Jumapili nimeshaibadilisha ile paswadi. Nikasema bado, nilikuwa kwenye likizo, najiandaa kwa intavyu. Hakupandisha sauti. Aliniambia nirudi Voi, kwa maana kazi yangu iko huko na bado sijaifanya. Wale wanaume hawakunitazama tena usoni.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Nilimkasirikia Mama Mshai, nikamkasirikia dada yake, nikamkasirikia hata mchungaji kwa kuomba kwa kirefu. Halafu nikaanza kupiga hesabu za mwoga. Ningeweza kuingia kliniki kesho yake, niibadilishe ile paswadi kimya kimya, na Matroni asijue kamwe. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza siku chache, na kumwambia ni kuukata kwa mkono wangu mwenyewe. Mpaka basi linapita Miasenyi, Voi ikikaribia, nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Kilichonigeuza si wema, usinisifu bure. Ni kwamba nilijiuliza kama kuna mtu ameshaingia kwenye zile kompyuta, nikagundua kwamba peke yangu sitaweza kulijua hilo bila kuuliza watu, na nikiuliza nitaulizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nikaenda moja kwa moja kliniki na suti yangu. Matroni Wawuda alikuwa akifunga dirisha la dawa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, ya kanisani, ya Mama Mshai, ya Mombasa, na hata jinsi nilivyoucheka mlima wa kwao. Nilipomaliza alivuta kiti akakaa.

"Jumatatu asubuhi niliambiwa," akasema. "Niliibadilisha mwenyewe kabla ya chai. Nimekungoja siku nne uje uniambie wewe."

Nikauliza kama kuna aliyeingia. Akasema hajui, hajui hata pa kuangalia, na ndiyo maana aliajiri mtu wa kompyuta. Tukakaa pamoja, mimi nikitafuta saa ambazo kila faili lilifunguliwa na yeye akisoma majina ya waliokuwa zamu, mpaka tukahakikisha hakuna faili lililofunguliwa na mtu wa nje. Hapo ndipo aliponiambia kwamba ningekuja kesho yake nikiwa nimenyamaza, angenifukuza siku hiyo hiyo bila kungoja mwisho wa mwezi. Mwezi ulipoisha akaniandikia mkataba mwingine. Hakusema nimesamehewa, na mimi sikuuliza.

Kazi ya Mombasa sikuipata, na nilistahili kuikosa. Lakini kwa ule mkataba wa pili ndipo nilipojifunza kazi hii, na sasa miaka imepita, mimi ndiye ninayekaa upande ule mwingine wa meza nikiwahoji vijana wenzako. Sikiliza basi nikuambie kinachotazamwa, maana daftari lako halikisemi. Hayo unayokariri, kila anayeitwa ameyakariri. Ukisahau moja tutakuonyesha mbele ya safari. Tusichoweza kukufundisha ni kuuma ulimi wakati watu wanakupigia makofi, na kwenda mwenyewe kwa mkubwa wako unapokosea, kabla hajaletewa na mwingine. Na wakikuuliza habari za mahali ulipowahi kufanya kazi, hata wakikuuliza kwa tabasamu, usiwaanike wenzako ili wewe uonekane hodari. Anayekusikia ukimwanika wa jana anajua wa kesho ni yeye.

Kuomba, omba. Sikukatazi, na mama yako asifungue kwa ajili ya maneno yangu. Lakini Mungu hahitaji linki. Waambie wapendwa una jambo Jumatatu, wakuombee, basi. Wakikuuliza mlangoni ni jambo gani, waulize habari za wajukuu zao, watasahau walichouliza.

Sasa hiyo barua ifute kwenye kikundi, ingawa maji yakimwagika hayazoleki. Halafu fungua imeili uwaandikie wale watu leo, kabla chai haijapoa. Waambie umesambaza linki yao na paswadi yao kwa watu zaidi ya mia, kwa uzembe wako, na unaomba wakupe nyingine. Usiandike kwamba ulidukuliwa. Usiandike kwamba ni mtoto alishika simu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni wako.

Naona unavyonitazama. Unataka kuniuliza itakuwaje wakikufuta kwenye orodha yao, na mama yako amefunga siku mbili. Huenda wakakufuta, mwanangu. Mimi siwezi kukuahidi kwamba hawatakufuta, nami ningeumia pamoja nawe. Lakini wakikufuta kwa kusema kweli utakuwa umekosa kazi moja. Ukiipata kwa kunyamaza, basi kila atakayeweka siri yake mikononi mwako atakuwa amekosa mlinzi, na hatajua mpaka siku atakapoikuta siri yake sokoni.

Haya, chukua simu yako. Mungu wa wazee wetu akutulize mikono unapoandika, akupe kibali kwa hao watu usiowajua, na chakula cha mama yako atakachofungulia kiwe cha furaha. Jumatatu akufungulie mlango, mwanangu, na akishakufungulia, akupe akili ya kuufunga nyuma yako.