Ubao Chini ya Kitanda

Kila mtu alimwita Dereva, ingawa alikuwa amestaafu miaka tisa, na gari lake halikuwa limesogea tangu mkewe afariki. Lilikuwa gari la kulala, la zamani, lenye kitanda, jiko na kibafu humohumo ndani, limeegeshwa uani kwa kaka yake, na sasa ndimo alimoishi. Humo yeye na mkewe walizunguka likizo baada ya likizo, na binti yao alikulia humo nusu ya utoto wake.

Sasa binti alikuwa na mtoto wa miezi minane, na kazini walikuwa wanampeleka kozi ya siku tatu. Alimwambia baba yake kwenye simu, bila kuzungukazunguka, kwamba mtoto hawezi kuachwa mahali pasipo na maji ya moto. Kama hita ya maji bado ni mbovu, atampeleka kwa mama mkwe. Dereva akajibu kwamba hita itakuwa nzima. Akakata simu, akaketi kitandani, juu kabisa ya hita yenyewe.

Ilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya ubao wa plaiwudi ambao mkewe aliufunga kwa skrubu thelathini na moja. Sababu ilikuwa Dereva mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuacha kitu kizima kitulie. Kila Jumamosi aliifungua hita aiangalie tu, mpaka siku moja moto ukamrukia ukamla nyusi. Mkewe hakugombana. Alichukua bisibisi, akapiga magoti, akafunga ubao huku akihesabu kwa sauti, kisha akamwapisha kwamba mkono wake hautaingia humo tena. Alitii. Hita ikachapa kazi miaka kumi na mmoja bila kuguswa.

Akamwita fundi wa gesi, rafiki yake wa siku nyingi, waliyemwita Bonge. Bonge alitoa mtungi wa gesi nje, akafungua skrubu zote, akalivuta tangi kuukuu la hita kupitia kidirisha cha ubavuni. Lilikuwa limeliwa na kutu, na maji yake machafu yakamwagikia viatu. Hita mpya iliingia vizuri, ila nati za mabomba zilikuwa ndani kabisa, chini ya kitanda. Bonge alijaribu kupenya, tumbo likagoma.

"Tukate kitanda," alisema akihema.

"Kitanda chake hakikatwi."

"Basi ingia wewe, kijiti."

Dereva akamweleza habari ya kiapo. Bonge hakucheka. Alijifuta mikono taratibu.

"Shemeji alikukataza kuchokonoa, bwana. Leo kuna mjukuu wake anataka kuoga."

Dereva akaingia kifudifudi. Aliposhika spana gizani alijikuta anasubiri mwanga usogee, maana siku zote mkewe ndiye aliyemshikia tochi, akimuuliza kama amemaliza au amelala. Akakaza nati tatu alizoambiwa, akarudi kinyumenyume. Bonge akarudisha mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye viungio vya gesi. Hakikutokea hata kiputo kimoja.

Binti alifika Jumamosi, hata hakuketi. Alifungulia maji kwenye beseni, akachovya kiwiko kama alivyokuwa akifanya mama yake, akakiacha humo.

"Yanaunguza?" Dereva aliuliza.

"Hapana." Alianza kumvua mtoto soksi. "Baba, nikishamwogesha, niachie na mimi maji ya kuoga. Kozi ni Jumatatu. Mpaka hapo tunalala hapa, kisha nakuachia mtoto."

Dereva alitoka, akakaa kwenye ngazi ya gari, akisikiliza maji yakimwagika.