Shikamoo Shambani

Turubai la mkutano wamelifunga kwa kamba mpya ya katani, na harufu yake imenirudisha shambani, chini ya milima ya Uluguru.

Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa, na tajiri mpya alikuwa anapunguza wakataji. Mimi nilichuchumaa, nikichora herufi kwa mwiba juu ya jani. Mama, mikono imembabuka kwa utomvu, alimpigia magoti nyapara aliyelingana umri na kaka yangu.

“Shikamoo, baba. Usinipunguze, nina mtoto anasoma.”

“Marahaba,” akajibu, akampita.

Sasa wananitangaza jukwaani: mwalimu wetu, mgombea wetu! Bibi mmoja mwenye mikono iliyobabuka ananizuia njiani, anapiga magoti.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

Watu wote wanasubiri niitikie.