Kurasa Thelathini na Karatasi ya Mfuko wa Simiti

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, niliyokaa sokoni Lubao nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe nilikuwa nimeielekeza mahali pasipofaa. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia ukisema eti kompyuta ina wenyewe. Nani alikuambia? Maneno hayo niliyasikia kabla hujazaliwa, na niliyakataa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa Iguhu, mwanafunzi katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Kakamega, ghorofani, juu ya duka la mabati. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja na mashine tatu, kila mtu saa moja kwa siku. Mwalimu wetu, Mwalimu Barasa, aliijua kazi yake, sitamnyima haki. Ila alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza aliniangalia akasema, "Imali, wewe jifunze kuchapa barua. Kutengeneza kurasa za intaneti kunataka kichwa." Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilijiandikisha kwenye somo la kurasa za intaneti siku hiyo hiyo.

Muhula wa mwisho tulipewa kazi moja sote. Shule moja ya wasichana ilitaka kurasa thelathini: historia ya shule, kwaya, shamba, walimu, na kadhalika. Maandishi tulipewa kwenye diski yakiwa matupu, bila urembo wowote. Kazi yetu ilikuwa kuyapamba kwa rangi, ukubwa wa herufi na mistari ya pembeni. Mwalimu mkuu wa shule hiyo angechagua kazi moja, na mwenye kazi hiyo angebaki chuoni kama msaidizi wa mwalimu. Wengine wangerudi kwao. Niliitaka nafasi ile hata usingizini.

Sasa sikiliza kosa langu. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, unaandika rangi ndani ya ukurasa, kwenye kila kichwa cha habari na kila aya, kimoja kimoja. Ya pili ndiyo hii mnayoiita CSS: unaandika faili moja pembeni, unasema vichwa vyote viwe hivi na aya zote ziwe hivi, kisha kila ukurasa unachukua amri kutoka humo. Mwalimu Barasa alitugawia maelezo ya njia zote mbili, akasema hiyo ya pili ni ya watu walioendelea, tuiache. Nami, kwa kutaka kumwonyesha kwamba naweza kuwashinda wanaume wake wote, sikuifunua hata karatasi. Nilipaka bluu, rangi ya sare ya shule ile, kichwa kwa kichwa, kurasa thelathini, wiki mbili nzima. Nikamaliza wa kwanza. Nilitembea mle darasani kama jogoo. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Jumatatu mwalimu mkuu akaja kutazama. Akasifu, kisha akasema, "Ila sare yetu inabadilika. Muhula ujao tunavaa rangi ya damu ya mzee. Badilisheni rangi, nitarudi Ijumaa."

Programu tuliyoandikia haikujua kubadilisha maneno kwa wingi. Ulitegemea jicho lako na kidole chako. Saa yangu ya Jumanne ikaisha nikiwa nimebadilisha kurasa tano, na hata hizo zilikuwa na vichwa vingine bluu na vingine damu ya mzee. Zilikuwa zimebaki saa mbili tu, ya Jumatano na ya Alhamisi. Nikashuka ngazi, nikaenda Lubao kwa Senje Rael, dada ya baba, aliyekuwa fundi wa kushona nguo pale sokoni.

Nilimkuta anakata sketi za shule ile ile, za rangi ile ile mpya. Nikalia. Nikamlaumu mwalimu mkuu, nikamlaumu Barasa, nikazilaumu mashine. Senje aliendelea kukata mpaka nilipochoka.

"Hiyo rangi," akasema, "uliiandika mara ngapi?"

"Kila mahali, senje."

Akaweka makasi chini. Akainua karatasi ya kahawia iliyochakaa pembeni, aliyoikata kutoka mfuko wa simiti. "Mimi nakatanga sketi zote za shule kwa hii moja. Wakitaka sketi ndefu, naongeza hapa kwa karatasi, basi. Wewe umekata kila sketi kivyake, halafu unamlaumu mwenye shule?"

"Kuna njia ya faili moja, lakini Barasa alisema si yetu sisi."

"Na ukamtii." Akachukua tena makasi yake. "Wewe unayejiita mkaidi, ukamtii."

Mwanangu, hakuna aliyewahi kunichoma vile. Nilikuwa nimepiga kelele za ukaidi muhula mzima, na pale penye maana nilifuata nilivyoambiwa kama ndama. Senje akanipa obusuma, ugali wetu wa kwetu, na mboga, akaniambia nikimaliza niende nikasome zile karatasi.

Nikazisoma. Jumatano nilifuta mapambo yangu yote ya wiki mbili, nikarudi kwenye yale maandishi matupu ya diski. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimerogwa. Mashine moja tu kati ya tatu, ile ya dirishani, ndiyo iliyokuwa na programu mpya ya kutosha kuielewa CSS, nami nikabadilishana zamu ili niipate. Kila ukurasa nikauongezea mstari mmoja wa kuuonyesha faili yangu ilipo. Nikafungua kutazama. Hakuna kilichobadilika. Kurasa nyeupe, herufi nyeusi. Mwalimu Barasa akapita nyuma yangu akasema, "Si nilikuambia?"

Nilitaka kufa. Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Alhamisi nilirudi, nikakagua mstari kwa mstari, na saa ikikaribia kwisha nikaona: faili nilikuwa nimeihifadhi kwenye diski, na kurasa zilikuwa zinaitafuta ndani ya mashine. Nikaihamisha. Kurasa zote thelathini zikavaa damu ya mzee.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja, akakaa, akavua miwani. "Poleni sana," akasema. "Wazazi wameikataa rangi mpya. Tunabaki na bluu." Wenzangu wakaguna, mmoja akainamisha kichwa juu ya meza. (Usimhurumie senje. Alikuwa amekata sketi chache tu, zikachukuliwa na kwaya.)

Nikamwambia, "Mama, usiondoke, keti kidogo." Nikafungua faili, nikabadilisha neno moja, na kwenye mistari ya pembeni jingine. Nikamfungulia historia, ilikuwa bluu. Kwaya bluu, shamba bluu, zote, na chai aliyokuwa ameandaliwa bado ilikuwa ya moto.

"Nani alikufundisha?" Mwalimu Barasa akauliza.

"Fundi wa nguo," nikamjibu. "Yuko Lubao."

Nafasi niliipata. Somo la kwanza nililofundisha mle ndani ni lile la watu walioendelea, na nililifundisha kwa wasichana waliokuja kujifunza kuchapa barua.

Basi shika hili, mwanangu. Mtu akikuambia jambo fulani si lako, hapo ndipo pa kuanza kusoma, usiku huo huo ikibidi. Kumkasirikia hakutoshi, mimi nilimkasirikia na bado nikamtii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo inama mbele ya kazi, ikubali ikuonyeshe ulipokosea, na usione haya kufuta wiki mbili zako. Mbele ya mwenye dharau usiiname.

Nenda sasa. Mungu wa Senje Rael akutangulie, akuepushe na kiburi changu cha jogoo, na kurasa thelathini zitii kila neno moja utakaloandika.