Siku Nilipomwogesha Mjomba

Miaka ile nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita na watu wawili, mimi na Bibi. Kariakoo, mahali ambapo hata chini ya ngazi hupangishwa! Lakini Bibi hakutaka kusikia habari ya wapangaji. Kila chumba kilikuwa na mtu wake aliyeondoka. Kimoja cha marehemu babu, kimoja cha mama yangu, ambaye aliolewa mara ya pili Mtwara akaniacha nimtazame Bibi, na kile cha mbele, chenye dirisha la barazani, kilikuwa cha Mjomba Athumani aliyepanda meli. "Sasa mtu akirudi alale wapi?" Bibi aliwajibu waliomuuliza. Basi tukalala chumba kimoja wawili, na vile vitano vikatutazama.

Nitalisema jambo hili lilivyokuwa. Mimi ni mtu wa moja kwa moja. Duka langu la uzi, zipu na bitana lina bei moja, na anayetaka kubembelezana namwonesha mlango. Wengine nimewaonesha kwa sauti mpaka mtaa wa pili wakatoka kuchungulia. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe. Sipendi mtu wa kuzungukazunguka. Ndiyo maana hili limenikaa kooni. Uongo mkubwa kuliko wote nilioufanya maishani niliufanya nikiwa na miaka minane, na wala sikuusema kwa mdomo.

Mjomba Athumani aliondoka mimi nikiwa mdogo mno kukumbuka. Ninayoyajua nimeyapata kwa Bibi, aliyeyarudia mpaka yakawa kama yangu. Alikuwa amepata kazi ya kusafisha katika meli ya kigeni iliyotia nanga bandarini. Alfajiri ile alitawadha, akasali, akatoka na miguu bado mibichi, akashuka barazani na kukanyaga mchanga mweupe wa mbele ya nyumba. Kofia yake akaisahau kwenye msumari. Bibi aliiona, akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Msafiri haitwi akishatoka mlangoni," aliniambia. "Ukimwita, umemkatia safari. Nilimtazama mwanangu anakwenda kichwa wazi, nikanyamaza."

Alipokata kona, Bibi akainama akauchota unyayo wake wa kulia, mchanga wote, akaufunga katika kipande cha shuka lake kwa mafundo matatu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Unyayo si kitu cha kuchezewa, na mwenye nia mbaya akiuchota wako amekupata. Kwa Bibi hata mwenye mapenzi angeweza kuuchota. Aliamini kwamba unyayo ukilala nyumbani, ukatunzwa, mwenyewe ataufuata tu, awe wapi.

Kile kifundo kilikaa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vitu alivyoleta Mjomba kwa mikono ya mabaharia wenzake. Miaka minne vililetwa, kimoja kimoja. Kulikuwa na kofia ya sufu nene ambayo kwa joto letu ilifaa kushikia sufuria tu. Kulikuwa na sarafu yenye tundu katikati, tiketi za treni za mjini zilizotobolewa, kiberiti chenye picha ya mwanamke mwenye masharubu, mpaka leo sijui kwa nini. Kulikuwa na kijitufe cha kioo chenye maji na nyumba ndogo ndani, ukikitikisa chenga nyeupe zinaishukia ile nyumba polepole, kama majivu. Na postikadi, saba. Nyuma ya kila moja Mjomba aliandika sentensi moja tu, mwandiko wa kulala: Mama, mimi mzima, huku baridi. Kwa postikadi hizo nilijua kusoma kabla mwalimu hajanifundisha. Nikajua na majina ya bandari ambazo sijaziona wala sitaziona.

Kila Alhamisi baada ya alasiri Bibi alitoa kopo, akatia ubani kwenye chetezo, akakipitisha kile kifundo juu ya moshi mara saba. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwanawe aje kula: "Athumani mwana wa Mwanaidi, nyumbani ni huku."

Kisha ananigeukia. "Hivi vingine vishike. Hiki usikiguse. Ukikigusa, mjomba wako hatorudi. Umesikia, Zuhura?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia. Lakini nilikuwa peke yangu, na hilo watu wazima hulisahau. Watoto wa mtaani walikuwa wengi kama kunguru, ila Bibi hakuniruhusu kutoka. Alishawapoteza wawili kwa kuwaruhusu watoke. Nilichezea ndani, katika ukumbi mrefu wenye milango iliyofungwa. Bibi akienda hitimani au kwa mgonjwa, nilikuwa nalishusha kopo na kuvipanga vile vitu sakafuni, tunazungumza. Sikuwa na mwanasesere. Na kifundo kile, kwa jinsi kilivyofungwa shingoni, kilikuwa na kichwa na gauni. Mwaka mzima nilikitazama tu. Halafu nikawa nakigusa kwa kidole. Halafu nikawa nakipakata.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Bibi alikwenda msibani Mchafukoge, akaniambia hatorudi mpaka adhuhuri. Nikacheza mchezo wangu nilioupenda, wa Mjomba kaja. Kifundo kilikuwa Mjomba. Nilimpitisha ukumbini, nikambishia hodi, nikamkaribisha mwenyewe.

"Karibu Mjomba, za safari?"

"Njema, nimechoka."

Sasa mgeni akifika kutoka safari hupewa nini? Nilikuwa mtoto niliyelelewa vizuri. Mgeni hupewa maji aoge.

Nikajaza beseni uani. Nikachukua na kipande cha sabuni, ile ya foleni, maana miaka ile sabuni ilipatikana kwa kupanga foleni dukani. Nikamwogesha mjomba wangu kwa mapenzi yote, namsugua mgongo, namuuliza baridi imepungua. Naye akalainika mikononi mwangu. Shuka lilikuwa limechakaa kwa moshi wa miaka minne, likaachia ubavuni, na maji yakawa meupe. Niliinua kitambaa kitupu. Mjomba alikuwa ndani ya beseni, tope. Nikashtuka, beseni likapinduka, na tope likaenda na maji mpaka kwenye mfereji, likapita chini ya ukuta, likatoka mtaani.

Nilikimbilia nje ya ukuta na kikombe. Niseme nini? Nilichota maji machafu ya majirani wote wa Kariakoo, nikayatazama, nikayamwaga.

Hapo ndipo ule uongo. Sikulia. Niliwasha mkaa, nikatia kwenye pasi, nikapiga pasi kitambaa mpaka kikakauka. Nikageuza ubavu uliochanika kwa ndani. Udongo nikauchota palepale uani, karibu na beseni, mahali nilipokuwa nimesimama. Ulikuwa umelowa na kulainika na alama za miguu yangu zilikuwa zimezama vizuri. Niliukausha kwenye kikaango juu ya jiko. Nikafunga mafundo matatu. Bibi aliporudi na pilau ya msibani kwenye kitambaa, alinikuta nimekaa mkekani kama malaika.

"Umekula?"

"Bado, Bibi."

"Mbona umechoka hivyo? Umefanya nini?"

"Nimefua."

Alhamisi ikafika. Bibi alikitoa kifundo, akakiweka kiganjani. Akakaa nacho. Moshi wa ubani ukapanda ukaanza kupungua, naye bado amekaa nacho. Kisha akakipitisha mara saba, kama kawaida, akasema maneno yake. Ila safari hii aliyasema kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Toka siku ile hakuyasema kwa sauti tena.

Haukupita mwezi akaja Mzee Kombo, baharia aliyekuwa akituletea vitu. Mikono mitupu. Alikaa barazani akazungusha kofia yake kwenye goti.

"Bi Mwanaidi, kijana wako kateremka. Tulikuwa bandari moja huko mbali, usiku akachukua begi lake, asubuhi hayupo. Kawaambia wenzake harudi tena baharini."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani hakutaja, Bi Mwanaidi."

Bibi alimmiminia kahawa ya pili. Hakulia. Akageuza uso akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na sinia, akanitazama muda mrefu. Mimi nikajua amejua, na dunia nzima imejua, kwamba Mjomba Athumani nimemwogesha mpaka akaisha.

Mjomba hakuleta kitu tena. Hakuandika. Kama yu hai ni mzee sasa, na kama amekufa hatukumsomea hata hitima moja, kwa sababu Bibi hakukubali kumsomea hitima mtu ambaye chumba chake kipo. Nami sikuligusa tena kopo. Niliwahi kumsikia mtu redioni akisema watoto husahau. Nilimtukana, na redio nikaizima.

Nikakua, nikabaki. Nikiwa na miaka kumi na tisa mama aliniita Mtwara. Nilifunga mizigo, na asubuhi ya safari Bibi akateleza uani akaumia nyonga. Nikafungua mizigo. Nikaolewa. Mume wangu alipohamishiwa Mwanza nikamwambia tangulia, nimalizie mambo ya Bibi, nakuja. Sikwenda. Naye, kwa haki yake, hakungoja sana. Watu walinisifu kwa utiifu mpaka nikawa nakasirika. Kila nilipofika mlangoni na begi, miguu yangu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyeshikwa nguo kwa nyuma. Siamini mambo haya. Naeleza tu miguu ilivyokuwa.

Bibi alipokuwa mgonjwa wa kitandani, wiki zake za mwisho, nikaona siwezi kumwacha aende na uongo wangu. Niliingia mchana, nikasimama.

"Bibi, nataka kukwambia kitu."

"Sema, lakini sogea, unanizibia upepo."

Nikamwambia. Beseni, mfereji, pasi, udongo. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza, kifua kikaanza kumtikisika. Nilidhani pumzi inamwacha, kumbe anacheka.

"Ulimwogesha?"

"Nilimwogesha, Bibi."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

"Ile ya foleni?"

"Ileile."

"Mtoto mfujaji wewe!" Akacheka mpaka akakohoa, nikamnywesha maji. Kisha akasema, "Nilijua. Mchanga wa barazani ni mweupe kama chumvi. Ule wako, vumbi lake lilinibaki kiganjani, jeusi, na chembe za mkaa. Na kufunga fundo hujui mpaka leo."

Hasira zikanipanda, ndivyo nilivyo. Miaka yote ile! "Ulijua, ukaniacha nibebe peke yangu? Si ungenichapa yakaisha? Na kama ulijua si wa Mjomba, ulikuwa unafukiza nini kila Alhamisi?"

Alifumbua macho. "Ule udongo uliuchota wapi?"

"Uani. Niliposimama."

"Unyayo wa nani, basi?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Haya," akasema. "Na wewe si uko hapa?" Akageukia ukutani alale.

Alikufa kabla sijamuuliza lile moja ninalolitaka. Midomo ile ilipokuwa ikicheza kimyakimya juu ya moshi, ilikuwa inataja jina la nani? Pengine alilitaja la Mjomba kwa mazoea. Pengine alinitaja mimi, Zuhura, nyumbani ni huku, kila Alhamisi, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikijiona sina mtu. Nimelifikiria kwa miaka, na nitasema wazi ingawa si sifa kwangu. Laiti angeniambia, nisingekasirika. Ningependa kulisikia. Ningekaa hata bila udongo.

Nyumba imeuzwa mwaka huu. Warithi wa upande wa babu walitokea kama uyoga, na mimi si wa kugombana mahakamani juu ya matofali. Pale panajengwa ghorofa, kama kwingine kote. Siku ya mwisho dalali, kijana mmoja mwenye simu tatu, alinikuta uani nimefungua kopo.

"Shikamoo mama. Hiyo kitu ya kitambaa ni nini? Isije ikawa mambo yale, mama angu, wateja wangu waoga."

"Marahaba. Ni mchanga. Unataka kuuonja?"

Akarudi nyuma akacheka kwa woga. Nikamwambia anisubiri nje.

Postikadi, kijitufe na ile kofia ya sufu nimeviweka begini, naondoka navyo. Mafundo matatu niliyafungua kwa meno, yalikuwa yamekaza, kwa hiyo kufunga nilijua kidogo. Udongo nikaumwaga palepale nilipouchota. Nikavua viatu, nikaukanyaga kwa mguu wa kulia, taratibu, nikaona vidole vyangu vyote vitano. Kisha nikavaa viatu, nikabeba begi, nikapita ukumbini katikati ya milango ile, nikatoka.

Msafiri haitwi akishatoka mlangoni. Nilisimama barazani kidogo, nimewapa mgongo wenye vyumba vile, nasikiliza. Hakuna aliyeniita.