Aliyeshika Kamba

Nikisoma maneno “naandika sasa hivi” damu hunichemka. Mtu anayeandika haandiki kwamba anaandika. Huyo anaoga, au anakula, au anatazama mpira, na anajua kabisa kwamba kuna watu wanamngoja.

Mchezo wetu ni wa maandishi. Tuko watu wachache katika kundi moja la simu, na kila mmoja ana mtu wake wa kubuni ndani ya hadithi. Mimi ndiye msimulizi. Naeleza mahali walipo na hatari iliyo mbele yao, kisha kila mmoja kwa zamu anaandika mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa la bahati, narusha dadu juu ya kaunta ya duka langu la dawa za mifugo hapa Kitale, najichukua video na kuwatumia, wasije wakasema nimewachezea shere. Hadithi ilikuwa ya wachimba chumvi kwenye mapango ya mlima unaofanana sana na Elgon, ingawa tuliupa jina letu. Mmoja anaandika asubuhi, mwingine anamjibu baada ya kukama ng’ombe. Hatuna haraka, lakini zamu ni zamu.

Sheria isiyoguswa ni hii: mtu wa mwenzako humsemei wala humsogezi. Tuliiweka baada ya mchezaji mmoja kumtosa mtu wa mwenzake mtoni bila kumuuliza. Wenyewe walinuniana hadi nikadhani kundi limekwisha.

Sasa, kulikuwa na mwanamume mmoja wa Bungoma, mwenye duka la spea za pikipiki. Mtu wake alikuwa jitu lenye nguvu na moyo mwepesi. Na kulikuwa na msichana wa Kiminini, msusi, ambaye mtu wake alikuwa mganga wa kike. Mwanzoni mwa hadithi jitu liliugua homa, na mganga akaliburuta kutoka pangoni peke yake, msichana akiandika kila hatua kana kwamba mgongo ulikuwa unamuuma yeye. Kwa hiyo siku dadu zilipomwangusha mganga kwenye shimo, kamba ikabaki mikononi mwa jitu, sote tulifurahi: sasa lingelipa deni. Zamu ilikuwa ya mwanamume wa Bungoma. Alichotakiwa kuandika ni kwamba anavuta.

Hakuandika. Wiki ikapita, na nyingine. Nikimuuliza, “naandika sasa hivi.” Wenzangu nao, kwa adabu zao zinazonikera hadi leo, wakawa wanamtetea. “Tumngojee tu, labda ako na shida.” “Network ya huko imekuwa mbaya.” Network mbaya ipi? Kila jioni alikuwa anaweka picha za harusi za watu, amevaa suti, anacheka meno yote nje.

Kisha msichana wa Kiminini akanipigia simu. Alikuwa amepata kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba, na tiketi ilikuwa tayari. Waliomtangulia walikuwa wamemwambia kwamba simu huko unaishika mwajiri akipenda.

“Sitaki kumuacha kwa shimo,” akaniambia. “Najua ni mchezo. Lakini nikienda nikijua ametoka, nitaenda vizuri.”

“Nitamtoa mimi. Leo.”

“Hapana, auntie. Huyo mtu nilimbeba. Wacha anivute yeye mwenyewe.”

Nilikuwa na safari ya Bungoma kuchukua mbegu, nikaapa nitampitia yule bwana nimwambie ukweli wake usoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta mlangoni pa duka, akaacha wateja, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. “Madam wa mchezo! Kumbe ni wewe! Leo huendi bila kuona nyumbani.”

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Kabla sijakaa sawasawa nikasikia kuku analia uani, halafu akanyamaza. Hapo nikajua nimekwisha. Kwetu, watu wa asili ya Mlima Kenya tulioletwa Trans-Nzoia na wazazi wetu, mgeni hupewa chai, na kama una la kusema unalisema chai ikiwa bado moto. Kwao mgeni akishachinjiwa kuku ameheshimiwa hadi mwisho, na akianza kugomba mezani ni kama ametemea chakula mate. Mkewe aliniwekea ugali na paja zima, akakaa kunitazama nile. Maneno yangu yote nikayatafuna pamoja na kuku.

“Msichana anasafiri,” niliweza kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. “Anakungoja wewe umtoe.”

“Kwani mimi naweza muacha huko, bana? Huyo aliniokoa!” Akaniongezea supu. “Leo nikifunga duka, naandika.”

Nilirudi Kitale nimeshiba na nina hasira ya kupasua sahani. Hakuandika siku ile. Hakuandika hata siku ambayo msichana aliagwa nyumbani kwao kwa maombi. Nilimpigia mwanamume yule mpaka simu yangu ikapata moto, naye akawa ananijibu kwa emoji ya kidole gumba. Msichana aliandika mara ya mwisho kwenye kundi akiwa uwanja wa ndege: “Bado niko hapa chini. Nasikia kamba ikicheza.” Tangu hapo ujumbe tunaomtumia unabaki na alama moja ya kijivu, haumfikii.

Alikuwa ameshaondoka, tena kitambo, ndipo mwanamume wa Bungoma akaandika. Aliandika sana, na aliandika vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Jitu lilijifunga kamba kiunoni, likaegemeza miguu kwenye mwamba, ngozi ikachubuka, likavuta huku likilia na kumwita mganga kwa jina. “Dada, nakuona. Nipe mkono.” Kundi zima likamjazia mioyo na makofi.

Mkono wa kutoa ulikuwa wa msichana. Zamu ilikuwa yake. Mmoja akaniambia kwa faragha, “Si umuandikie tu, yaishe?” Nikakataa. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuwa anamwamulia, na sikuwa tayari kumchukulia.

Siku kadhaa zikapita. Kisha simu ikalia, nikaona ni yule wa Bungoma, ameandika kwenye kundi mbele ya watu wote:

“Kwani huyu dada ako wapi? Anatuchelewesha bana.”